Rangi Haiponyi Mfupa

Lori likigongwa hapa kwetu, mwenye lori huuliza mambo mawili: matengenezo yatagharimu shilingi ngapi, na gari litarudi barabarani lini. Liko swali la tatu ambalo aghalabu haliulizwi na mwenye mali, wala mwenye bima, wala yule anayetumwa gereji kulipokea gari. Swali hilo ni hili: je, chesisi imenyooka? Naandika insha hii kwa sababu naamini kuwa kutouliza swali hilo ni kosa kubwa, na kwamba kosa lenyewe tumelizoea mpaka tunaliita ufundi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchungulia uvunguni mwa lori, nieleze kwanza chesisi ni kitu gani. Wengine huiita chasisi, wengine fremu. Jina si hoja. Ni ngazi ya chuma iliyolazwa. Ina mihimili miwili mirefu inayokwenda sambamba tangu mbele mpaka nyuma, na kati yake vimekingamishwa vyuma vifupi mithili ya vipandio vya ngazi. Kila mhimili una umbo la herufi C yenye kona za mraba: una ubavu uliosimama, na kingo mbili, moja juu na moja chini. Injini imekaa juu ya chesisi. Kebini imekaa juu ya chesisi. Bodi, tangi la mafuta, springi na ekseli, vyote vimefungwa hapo. Kwa hiyo chesisi si kipuri miongoni mwa vipuri. Ni kitu kinachokipa kila kipuri mahali pake.

Ndiyo maana gari hutambulika kisheria kwa namba ya chesisi. Mlango ukibadilishwa, taa zikibadilishwa, hata injini ikibadilishwa, lori hubaki kuwa lile lile. Sasa tazama ajabu yetu. Kadi za gari nilizowahi kushika mikononi zote zilikuwa na namba ya chesisi, lakini sikuona hata moja yenye nafasi ya kuandika kwamba chesisi hiyo iliwahi kupinda. Jina lake tunalijua. Afya yake hatuna habari nayo.

Chesisi huumia kwa namna kadhaa. Ya kwanza ni kubonyea: mihimili inalegea katikati au inajikunja karibu na kebini, na ukitazama kwa ubavu unaona mgongo umeingia. Ya pili ni kusukumwa upande, kama gari lililopigwa ubavuni, ngazi ikawa na mkunjo wa upinde. Ya tatu ni kujinyonga: kona moja imepanda na nyingine imeshuka, kama kitambaa kinachokamuliwa. Ya nne ndiyo yenye hila kuliko zote. Lori likigonga kwa kona moja ya mbele, mhimili wa upande ule husukumwa nyuma na mwenzake hubaki mahali pake. Hapo mstatili umegeuka kuwa msambamba. Kila mhimili peke yake umenyooka vizuri, jicho halioni kasoro, na fundi ataapa kwa jina la Mungu kuwa gari ni zima. Lakini ekseli hazikai tena sawa na mwelekeo wa safari, na lori linakwenda upandeupande kama kaa.

Mchezo huu niliuona kwa karibu mwaka 1996, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni katika nyanda za juu kusini. Shule ilikuwa na lori moja la tani 7. Lori hilo ndilo lililoleta mahindi, maharage na kuni, ndilo lililopeleka wagonjwa hospitali usiku, na, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, ndilo lililobeba watoto kwenda michezoni. Usiku mmoja liligonga tela lililokuwa limesimama barabarani bila taa wala majani ya kutahadharisha. Dereva alisalimika kwa kuvunjika kidole. Lori lilivutwa hadi gereji moja mjini, mwenye bima akakubali kulipa, na baada ya majuma sita tukaambiwa tukalichukue.

Lilikuwa limependeza. Kebini imepigwa rangi mpya ya buluu, bampa jipya, kioo kipya, taa zinang'aa. Hata chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito tangu mbele hadi nyuma. Dereva wetu alilizungusha uwanjani mara moja, akateremka, akaja kwangu.

"Mwalimu," alisema, "gari hili silipandi na watoto."

"Lina nini?"

"Usukani naukata kulia ili liende mbele. Njoo usimame nyuma yangu uangalie magurudumu."

Nilisimama nyuma yake. Alipokwenda taratibu kwenye vumbi la uwanja, alama za magurudumu ya nyuma hazikufuata za mbele. Ziliangukia pembeni, upande mmoja. Mwenye gereji alikuwapo. Akanishika bega kwa upole, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa chaki. Hili ni suala la kupanga magurudumu tu. Litajirekebisha likianza kubeba mzigo. Tia sahihi hapa."

Naam, nilikuwa mtu wa chaki, na siku ile chaki ilitosha. Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, tulifundishwa kazi za mikono, na mkufunzi wetu hakumruhusu mwanachuo kuipigilia misumari fremu ya mlango kabla hajapima kona kwa kona. Pande zinaweza kuwa na urefu sahihi na fremu ikawa imeegemea. Ila mishazari miwili ikilingana, hapo fremu iko mraba. Ni jiometri anayoijua mtoto wa darasa la saba. Siku ya pili nilirudi gereji na mwalimu wa hisabati, dereva, uzi, timazi, tepu na vipande viwili vya chaki. Tulilisimamisha lori juu ya sakafu ya saruji iliyo tambarare. Tukachagua matundu ya kiwandani yanayofanana kwenye mihimili yote miwili, tukateremsha timazi kutoka kila tundu, na pale ncha ilipogusa sakafu tukatia alama. Kisha tukaliondoa lori, ikabaki picha ya chesisi sakafuni, tukapima kona kwa kona.

Mishazari ilitofautiana kwa milimita 31.

Msomaji ataona hicho ni kidogo, hata upana wa vidole viwili hakifiki. Basi afuate hesabu. Tofauti ya milimita 31 kati ya mishazari maana yake ni kwamba mhimili mmoja umerudi nyuma ya mwenzake kwa karibu milimita 16. Katika lori letu mihimili ilitengana kwa sentimita 85. Toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ilikuwa mita 4.2, yaani karibu mara tano ya upana ule. Kwa hiyo mpotoko wa milimita 16 katika upana huzaa mpotoko wa karibu sentimita 8 katika urefu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanapita sentimita 8 pembeni ya njia ya magurudumu ya mbele. Hivyo ndivyo dereva alivyokuwa ameona kwa macho yake, na ndivyo alivyokuwa ameambiwa kwamba anajitia woga.

Nikaitazama ile karatasi ya kupokelea gari niliyotakiwa kuitia sahihi. Ilikuwa na nafasi ya rangi. Ilikuwa na nafasi ya vioo, taa, viti, redio, jeki na tairi la akiba. Nafasi ya vipimo vya chesisi haikuwamo. Mtu angeweza kuijaza karatasi ile kwa uaminifu wote, asiseme neno moja la uongo, na bado akakabidhiwa lori bovu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ubaya si wa gereji ile peke yake. Tumejiwekea utaratibu ambao haumlazimishi mtu yeyote kuujua ukweli.

Sikutia sahihi. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule alinishutumu kuwa nawatesa wanafunzi kwa njaa kwa ajili ya milimita. Mwenye bima alisema amekwisha kulipa. Kwa miezi miwili tulikodi lori la watu kuleta chakula, na wazazi walinung'unika kwa haki. Hatimaye tulitumia fedha za mahindi ya shamba la shule kulipeleka lori kwenye karakana nyingine, yenye minyororo na jeki kubwa za mafuta. Wale walilivuta taratibu bila moto, siku kwa siku, wakipima kila walipovuta. Walibadilisha chuma kimoja cha kukingama kilichokuwa kimechanika, wakakifunga kwa bolti ngumu. Walipomaliza, mishazari ilitofautiana kwa milimita 3. Dereva alilipanda. Lori lile lilifanya kazi miaka 11 zaidi, hadi mwaka 2007.

Nasimulia habari hii ili nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila chesisi iliyopinda itupwe. Chesisi nyingi hunyooka zikipata mikono inayojua na vifaa vinavyofaa. Wala sina ugomvi na mafundi. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwapeleka vijana wakajifunze ufundi, na waliolinyoosha lori letu walikuwa mafundi wa Kitanzania. Ninachokipinga ni kunyoosha kwa kukisia, na kupaka rangi juu ya makisio.

Nakipinga zaidi kwa sababu chesisi ya lori si chuma cha dirisha. Ukikipinda kijiti kibichi, ganda la nje linavutika, la ndani linabanwa, na kiini cha katikati hakipati taabu kubwa. Mhimili wa lori lenye mzigo hufanya vivyo hivyo: kati ya ekseli, ukingo wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, na ubavu wa katikati hupumzika kwa kiasi. Ndiyo sababu watengenezaji huweza kutoboa matundu kwenye ubavu, lakini hukataza kutoboa kingo. Na bado utamwona fundi akitoboa ukingo wa chini ili afungie kibati cha kushikia tairi la akiba.

Moto nao una hadithi yake. Chuma laini cha kawaida, kile cha mageti, huanza kukunjika moja kwa moja kinapopata mkazo wa paundi 36,000 hivi kwa kila inchi ya mraba. Mihimili ya malori mengi makubwa ya Kimarekani hutengenezwa kwa chuma kilichopikwa na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu, na huweza kuhimili paundi 110,000. Nguvu hiyo ya ziada imetokana na kule kupikwa. Fundi akija na gesi, akakichoma chuma hicho mpaka kikawa chekundu ili kikunjike kirahisi, anaifuta kazi yote ya kiwandani kwa dakika chache. Mhimili utanyooka, tena vizuri. Lakini pale palipopigwa moto pamekuwa palaini kuliko jirani zake, na mzigo wa kwanza mzito utapatafuta.

Kiraka cha kuchomelea kina hatari ya namna hiyo hiyo. Kuna miongozo ya watengenezaji inayosema ni wapi panaweza kuchomelewa, kwa vijiti gani, na ncha za bamba la kuongezea nguvu zikatwe kwa mshazari ili mkazo usikusanyike mahali pamoja. Sisi huchukua kipande cha bamba kilichokatwa wima, tukakichomelea pande zote nne kama bahasha, tukapita na moto kukatisha ukingo wa chini. Ufa mpya huanzia pale pale, kwenye ncha ya weldi, chini ya rangi nyeusi ambapo hakuna atakayeuona. Na kwa malori ya siku hizi yenye kompyuta ndani yake, fundi asiyetenganisha betri na vifaa hivyo kama kitabu kinavyoagiza anaweza kuiponya chesisi na kuiua akili ya gari kwa wakati mmoja.

Yapo majibu ambayo nimeyasikia mara nyingi, na ni haki niyajibu.

La kwanza ni la umaskini. Wanasema: nchi maskini haiwezi kupima kila lori kama wanavyopima wazungu. Nauliza, umaskini gani huo unaoshindwa kununua uzi, timazi na chaki? Tulipima lori letu kwa vitu ambavyo vimo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, kwa muda wa asubuhi moja. Na tuseme gharama ya kutopima. Lori linalokwenda kama kaa hula matairi upande mmoja. Linaburutwa, kwa hiyo linakunywa mafuta zaidi. Linakata bolti za springi, linaharibu viungo vya propela, na bodi yake inapasuka kila mwezi. Maskini ndiye asiyemudu hasara hizo. Tajiri atanunua lori jingine.

La pili ni kwamba dereva mzuri atalimudu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linamtwika mtu mwenye mshahara mdogo dhambi ya watu wenye sahihi. Ni kweli, dereva mzoefu huweza kulishika lori lililopinda kwenye barabara kavu na tambarare, mikono yake ikiukata usukani kutwa nzima. Sasa mteremshe Kitonga mvua inanyesha, ana tani nyingi mgongoni, basi linakuja mbele yake, na akanyage breki ghafla. Au mpeleke Sekenke usiku. Magurudumu ya nyuma ambayo tayari yako upande yataendelea kwenda upande. Kesho yake tutasoma gazetini sentensi tuliyoizoea: dereva alishindwa kulimudu gari. Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli tupu. Lakini haituambii gari lenyewe lilikuwa la kumudika au la. Sisemi kuwa ajali nyingi zimetokana na chesisi. Nasema kwamba pale ambapo hakuna aliyepima, hakuna mwenye haki ya kusema kuwa haikuwa chesisi. Na dereva aliyekufa hawezi kuja kutueleza kuwa alimwambia tajiri wake.

La tatu ni kwamba lori linatembea, limebeba mzigo safari kumi, mbona halijaanguka? Wahenga walikwisha kulijibu hili: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ufa wa chuma hauna haraka. Hukua kidogo kila gari linapopita shimoni, na chuma kilichobaki hubeba kazi ya chuma kilichokwisha achana. Safari kumi si ushahidi wa uzima. Zinaweza kuwa hatua kumi za kuelekea kuvunjika.

Nije sasa kwenye jambo ambalo nadhani linatuaibisha kama taifa. Sisi si watu tusiojua kupima malori. Kwenye barabara kuu zetu tumejenga mizani, na malori hupanga foleni ndefu ili yapimwe. Iko sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inayoweka kikomo cha tani 56, na anayezidisha uzito hutozwa fedha. Naiunga mkono sheria hiyo. Lami ni ghali, na lori lililozidisha mzigo huila barabara ya wote. Lakini fikiri, ndugu msomaji, maana ya tunachofanya. Tunapima uzito wa lori ili barabara isiumie. Hatupimi unyofu wa lori ili mtu asiumie. Lami imepata mtetezi mwenye mizani, karatasi na faini. Mama anayetembea kando ya barabara na kuni kichwani, mtoto anayevuka kwenda shule, na dereva mwenyewe ndani ya kebini, hao wametuachia imani tu.

Wenzetu wengine walikwisha kuliona jambo hili. Marekani, kanuni za serikali kuu kuhusu malori ya biashara zinasema wazi kuwa fremu isiwe na ufa, isiwe imelegea, imebonyea wala kuvunjika. Kwamba kitu kisichomelewe kwenye fremu ila kwa namna aliyoielekeza mtengenezaji. Na kwamba kingo za juu na chini zisitobolewe ila kwa ruhusa yake. Ni sentensi chache tu, askari yeyote anaweza kuzikariri. Uingereza, tangu Oktoba 2017, gari lililoumia mwili wake wa ndani kiasi cha kampuni ya bima kuliacha, lakini linaweza kutengenezwa, huwekwa katika kundi la herufi S. Gari lililoumia mahali pasipo mfupa huwekwa kundi la N. Herufi hiyo S humfuata gari katika kumbukumbu zake, na mnunuzi wa leo au wa miaka kumi ijayo anaweza kuijua. Hawasemi gari hilo lisiuzwe. Wanasema lisiuzwe kwa kufichwa.

Nasi tunaagiza malori mengi yaliyokwisha tumika ng'ambo. Herufi iliyoandikwa kule haina karatasi ya kuipokea huku. Zaidi ya hayo, malori yetu wenyewe yanayoumia hapa hapa hubadilisha mikono kwa maneno matatu ya dalali: halijawahi kupata ajali. Anayeyaamini maneno hayo si tajiri mwenye malori ishirini. Huyo ana fundi wake. Anayeyaamini ni kijana aliyeweka rehani nyumba ya baba yake ili anunue lori lake la kwanza, au chama cha ushirika kilichochangishana kwa misimu mitatu, au shule kama ile ya kwangu. Ananunua rangi, anapewa na mfupa uliovunjika ndani yake.

Sipendi kulalamika bila kusema nini kifanyike. Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, karatasi ya kupokelea lori lililopata ajali iwe na sehemu ya vipimo vya chesisi: mishazari, mstari wa katikati, na usawa wa kona. Nambari ziandikwe, si maneno ya kwamba iko sawa. Anayepima aandike jina lake na tarehe. Mtu huweza kusema gari ni zima huku anatazama pembeni. Kuandika nambari ya uongo na kuweka jina chini yake ni jambo jingine, na ni rahisi kumfikisha mahakamani.

Pili, mwenye bima asilipe gereji mpaka aone nambari hizo. Kampuni ya bima hulipa kebini kwa sababu kebini inaonekana kwenye picha. Ikumbuke kuwa chesisi iliyoachwa imepinda itamletea dai la pili, na dai la pili huenda likawa na maiti ndani yake.

Tatu, kumbukumbu za usajili wa gari zionyeshe kuwa chesisi iliwahi kuumia, ikanyooshwa au ikabadilishwa mhimili. Nafasi ya mstari mmoja inatosha. Mwenye lori lililotengenezwa vizuri hana sababu ya kuuogopa mstari huo, maana vipimo vyake vitakuwapo pia, na vitamtetea.

Nne, vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe vijana kupima kabla ya kuwafundisha kuchomelea. Kijana anayejua kushika kijiti cha weldi lakini hajui mishazari ya mstatili ni hatari yenye cheti. Nasema hivi kama mwalimu: somo hili halina ugumu. Linahitaji sakafu tambarare na mtu mwenye subira.

Na mpaka haya yatakapofanyika, anayenunua lori lililotumika, na mjumbe wa bodi anayetumwa kupokea lori la umma, aende na uzi wake. Asiridhike kulizunguka akipiga matairi mateke. Alale chini atazame uvungu. Akiona rangi mbichi kwenye chesisi ya gari kuukuu, aulize inaficha nini; chesisi yenye umri hupendeza kwa vumbi na kutu kidogo, si kwa rangi ya jana. Amtume dereva aende mbele polepole kwenye udongo mkavu, asimame nyuma, atazame alama za magurudumu. Kisha ateremshe timazi, apime kona kwa kona, na asitie sahihi yake mahali popote mpaka nambari mbili zilingane.